Farasi Mmoja wa Kwenda Ziwani

Kila asubuhi kazi ya Flormila ilikuwa kuwapa simbilisi majani. Wanyama hao wadogo wa kufugwa walikaa chini ya benchi la jikoni, ishirini na zaidi, na wakisikia mlango tu walianza kulia "kwii, kwii" kama watoto waliosahauliwa. Ijumaa hiyo aliwamwagia majani bila kuinama, kisha akashika ukuta. Kila alipoinamisha kichwa, kitu kilimgonga kwa ndani kama mtu anayetwanga.

"Umemaliza?" mama yake, Olinda, aliuliza huku akikaanga mahindi ya safari.

"Nimemaliza, mama."

Mama alivaa nguo nyeusi, kama alivyovaa kila siku tangu baba yake Flormila alipozikwa. Kesho mwaka ulikuwa unatimia. Kijijini Pukaranra, mwaka ukitimia, familia huvua weusi pamoja. Wao walipanga kuuvua kando ya Ziwa Parwaqocha, juu kabisa, chini ya barafu ya mlima, kwa sababu baba ndiye aliyelipatia ziwa lile samaki wake wa kwanza. Aliwapandisha wakiwa vifaranga, ndani ya kopo la maziwa, mgongoni, mwendo wa saa tano.

Flormila alikuwa na utepe mweusi kwenye msuko wake. Tangu arudi juzi kutoka Lima, alikokaa likizo nzima ya miezi miwili kwa shangazi yake pwani, hakuwaza kitu kingine ila kuufungua utepe ule mbele ya ziwa la baba.

Baba mdogo Eleuterio aliingia na mwanawe Wilder. Walimwaga mizigo mezani: maponcho, karatasi za nailoni, kamba, jibini, mfuko wa majani ya koka ya kutafuna. Bibi Shatu, mama mzazi wa Eleuterio na wa marehemu, akasogeza kiti chake karibu.

"Tunatoka saa kumi na moja alfajiri," alisema baba mdogo. "Saa nne tuwe ziwani. Saa sita tunageuka, hata samaki watuombe tubaki. Baada ya hapo ni mvua ya mawe."

"Na huyu wa Lima?" Wilder alimnyooshea Flormila kidole. "Mwangalie alivyonona. Usije ukatapikia ziwa kama watalii!"

"Mimi nimezaliwa hapa!" Flormila alifoka. "Soroche ni ya wageni."

Pukaranra wote walisema hivyo. Ugonjwa huo wa mlimani uliwapata watu wa chini: walipopanda waliumwa kichwa, wakatapika na kukatwa pumzi. Mtu wa hapa akisema ana soroche angechekwa mpaka mavuno ya viazi.

Baba mdogo alimtazama kila mmoja. "Haya, semeni sasa. Nani hakulala vizuri? Nani kichwa kinamuuma?"

Usiku wote Flormila alikuwa ameketi kitandani, maana kila alipolala pumzi ilimpotea. Lakini akisema, watamwacha. Mama atavua weusi, wote watavua, na yeye atabaki jikoni na simbilisi, utepe kichwani.

"Nimelala kama gunia," alijibu.

Mama akampa kiazi cha moto. Hakuweza hata kukinusa. Alikiteremsha taratibu chini ya benchi. Papo hapo simbilisi wakapiga kelele, wakigombania.

"Leo wana nini hao?" aliuliza bibi.

"Njaa tu, bibi," Flormila alisema, jasho likimtoka.

Mama alikuwa anafunga jibini. "Shemeji, farasi ni mmoja?"

"Mmoja. Wa mama, kwa ajili ya magoti."

"Na mwingine akiugua huko juu?"

Baba mdogo alikuna kidevu. "Hapo itabidi mama ashuke, mgonjwa apande."

"Nitashuka," alisema Bibi Shatu. "Miguu ninayo miwili, ingawa haisalimiani."

Walicheka. Flormila hakucheka. Alitazama magoti ya bibi yaliyofungwa vitambaa vya sufu, akaiona akilini njia ya mawe yanayoteleza, na bibi akishuka kwa fimbo chini ya mvua ya mawe kwa sababu yake. Kisha akamkumbuka baba. Msimu wa kupanda viazi alikohoa siku nane, na kila alipoulizwa alijibu, "Ni vumbi tu." Farasi huyuhuyu ndiye aliyemteremsha hospitalini, siku ya tisa, na hakurudi akiwa hai.

"Kichwa kinaniuma," alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno, akairudia. "Tangu juzi. Sikulala. Kiazi wamekila simbilisi. Lakini msiniache, tafadhali, msiniache."

Mama alikuwa tayari amepiga magoti, mkono kwenye paji la uso wa binti yake.

"Kosa ni letu pia," baba mdogo alisema. "Tunajisifu kwamba sisi ni watu wa hapa, tukasahau kwamba mwili ukikaa miezi miwili pwani unazoea pwani. Leo na kesho kazi yako ni kupumzika na kunywa supu. Ukizidiwa, tunakuteremsha bondeni saa hiyohiyo."

"Lakini mwaka unatimia kesho," mama alinong'ona.

Bibi Shatu aligonga fimbo sakafuni. "Utimie. Mwanangu hakuwahi kufika mahali kwa wakati hata alipokuwa hai. Atatungoja mpaka Jumanne."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Siku tatu zaidi alivaa nguo zake nyeusi, na majirani walipouliza alijibu, "Mtoto anaumwa," bila kuongeza neno.

Jumanne Flormila aliamka kichwa kikiwa chepesi. Baba mdogo alimuuliza mara tatu, na mara tatu alijibu ukweli. Walipanda polepole. Kwenye kona ya mwisho Wilder alisimama ghafla.

"Kizunguzungu kidogo," alisema, akitazama viatu vyake. Flormila hakumcheka. Alikaa naye juu ya jiwe mpaka kikapita.

Ziwani maji yalikuwa ya kijani, yametulia. Mama alivua shali yake nyeusi, akaikunja. Flormila alifungua utepe, wakavifukia pamoja chini ya mawe. Katikati ya ziwa samaki aliruka, akaacha duara lililopanuka hadi ukingoni.

Baba mdogo alivua kofia. "Kaka yangu alikuwa hodari kwa kila kitu," alisema, "ila neno moja lilimshinda: 'Naumwa.' Mwaka jana kilio ndicho kilichotuambia jinsi alivyokuwa mgonjwa. Wewe, Flormila, umetuambia mwenyewe, mapema. Ndiyo maana leo tumefika wote, na bibi yako bado yuko juu ya farasi."