Koti la Mita

Nyumba ya fundi cherehani iliamka kila siku kwa kelele zilezile. Mke wake alifungua mlango wa nyuma. Mama yake alikohoa, akaulizia miwani. Kisha cherehani ya umeme ikaanza kunguruma.

Cherehani ilikaa karibu na dirisha. Fundi alikata na kushona. Mama yake alikaa kwenye kigoda, akashona vifungo kwa mkono. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe kushika sindano. Macho yalikuwa yamechoka, lakini vidole vyake bado vilikwenda mbio. Vifungo vyake vilikaa kwenye mstari kama askari wa gwaride.

Nje ya dirisha hilo, ukutani, kulikuwa na boksi la mita ya umeme. Juu ya boksi kulikuwa na bomba la chuma. Nyaya kutoka kwenye nguzo ya barabarani zilipita ndani ya bomba hilo, zikaingia kwenye boksi.

Ukuta wa upande ule ulikuwa mbovu. Ukipiga msumari, plasta inamwagika kama unga. Kwa hiyo fundi alipotaka mahali pa kufunga waya wa kuanikia nguo, aliufunga kwenye lile bomba. Ulikuwa waya wa chuma. Upande wa pili aliufunga kwenye mti wa uzio.

Walifua kila mara katika nyumba hiyo. Mashuka yaliyolowa ni mazito. Kila yalipoanikwa, waya ulivuta bomba, bomba likavuta boksi. Skrubu moja ikatoka. Baadaye nyingine. Boksi likaanza kuning'inia.

"Mume wangu," mke alisema, "boksi linatingisha kichwa. Waite watu wa umeme."

"Niwaite waje waseme nimechezea mita yao? Watakata umeme hapohapo. Shule zinakaribia kufunguliwa. Sare za watoto wa watu nitazishona kwa meno?"

"Basi liache liendelee kutingika."

"Haliendelei. Nalitengeneza mwenyewe."

Akatengeneza kama fundi cherehani. Alichukua vipande vya kitambaa, akavisokota, akalifunga boksi kwenye nondo za dirisha. Mafundo yalikuwa mazuri, lakini yalionekana toka barabarani. Kwa hiyo akalipima boksi kwa futi ya kitambaa, akalishonea koti la kulifunika. Koti la bluu, lenye kola. Mama yake akaweka vifungo.

Mtaa mzima ulicheka.

"Fundi, mita yako inasikia baridi?" aliuliza jirani yao, mama mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Watu walimwita Dada Ngazi, kwa sababu alifanya kazi kampuni ya umeme na ngazi haikumtoka begani. "Mshonee na suruali basi, aende kazini!"

"Lete vipimo, dada!"

"Utani kando, fundi. Chini ya hilo koti kuna nini?"

"Kuna mita. Nimeikinga na vumbi."

Dada Ngazi alilitazama koti. "Mita haihitaji koti. Ikilegea, niambie. Usiguse."

"Imeshika vizuri kabisa," fundi alisema, akarudi kwenye cherehani.

Basi mvua ikaja. Ilinyesha asubuhi nzima. Koti likalowa. Vile vitambaa vilivyosokotwa vikanywa maji, vikanyooka. Boksi likashuka. Ndani ya bomba, nyaya zilikuwa zimesuguana na chuma kwa muda mrefu. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa imekwisha. Sasa shaba iligusa bomba. Bomba liligusa waya wa nguo. Hakuna aliyeona. Umeme hauna rangi.

Mvua ilipokatika, mama mzee alitoka na shuka lake. Alikuwa peku. Hakupenda kuanikiwa nguo na mtu.

Mke alisikia beseni likianguka. Alipochungulia, mama mkwe alikuwa amesimama wima, mkono wa kulia umeng'ang'ania waya, mdomo wazi bila sauti.

"Mama! Mama amenaswa!"

Fundi akaruka kutoka kwenye cherehani. Alikuwa amefika mlangoni, mikono mbele.

"Usimguse!" Ilikuwa sauti ya Dada Ngazi kutoka upande wa pili wa uzio. "Fundi, simama! Ukimgusa mtakufa wote wawili!"

"Ni mama yangu!"

"Ndiyo maana nakwambia simama! Vaa ndara za mpira. Kanyaga kigoda kikavu. Leta mti mkavu, mrefu, usio na chuma. Sukuma waya, usimsukume mama!"

Mke akakimbia ndani, akaleta mpini wa ufagio, mkavu. Akasukuma kigoda mlangoni. Fundi akavaa ndara, akapanda, akausukuma waya kwa nguvu zake zote. Mkono ukaachia. Mama akaanguka kwenye matope kama nguo iliyodondoka kambani.

"Usiuguse waya hata sasa!" Dada Ngazi alipiga kelele, simu sikioni. Alikuwa anaita gari la dharura la kampuni na gari la wagonjwa. "Mvuteni mbali nao. Anapumua?"

Alikuwa anapumua.

Hospitalini, fundi alikaa kwenye benchi la korido. Hakula. Mke alipompa maji, aliyashika tu kikombeni.

"Nilimwambia imeshika," alisema.

"Najua."

"Mama mwenyewe ndiye aliyeweka vifungo kwenye lile koti."

Mke akakichukua kikombe, akakiweka chini. Kuna maneno yanayofariji, lakini siku ile yalikuwa hayajazaliwa.

Daktari akatoka. Moyo wa mama ulikuwa salama. Mkono ulikuwa umeungua ndani kuliko nje. "Kuhusu vidole vya kulia, sitaki kuwadanganya," alisema. "Havitarudi kama zamani."

Nyumbani, mafundi wa kampuni walikuwa wamekwisha kukata umeme kule juu ya nguzo. Cherehani ilikaa kimya. Fundi alimkuta Dada Ngazi amesimama mbele ya boksi.

"Mtanifunga?" aliuliza. "Nifungeni tu. Itakuwa afadhali."

"Hakuna wa kukufunga. Hukuiba umeme. Ulikuwa unaogopa. Sasa sikiliza, na ukitoka hapa uwaambie na wengine. Boksi, bomba na nyaya zinazotoka kwenye nguzo ni mali yetu. Boksi likilegea tupigie simu, tunakuja. Usifunge, usigongee, usifungue. Hata ukizima swichi kubwa ya ndani, nyaya hizi bado zina umeme, maana zinapita kabla ya swichi. Lakini ukuta ni wako. Ukuta kama huu hautashika skrubu yoyote duniani."

"Na waya wa nguo?"

"Usiufunge kwenye kitu cha umeme kamwe. Hata kamba."

Alilifungua koti kifungo kimoja kimoja, akampa. Maji yalichuruzika kutoka kwenye kola.

Fundi mwashi akaja. Alibomoa plasta mbovu, akajenga upya kwa matofali na saruji. Wakaiacha saruji ikauke, na siku hizo zilikuwa ndefu. Nyumba ilikuwa na giza. Sare nyingine zilichukuliwa na wenyewe, zikapelekwa kwa fundi mwingine. Fundi cherehani hakumlaumu mtu.

Ukuta ulipokuwa mgumu, Dada Ngazi na wenzake wakarudi. Walitoboa matundu, wakatia plagi za plastiki za kushika skrubu, wakakaza skrubu ndefu. Waliweka bomba jipya na nyaya mpya. Walipigilia fimbo ya shaba ardhini na kuiunganisha na boksi kwa waya, ili umeme ukitoroka uende chini, usimsubiri mtu. Wakafunga boksi kwa sili, alama ya kampuni ili mtu asilifungue.

"Litingishe," Dada Ngazi alisema.

Fundi alikataa kuligusa. Dada Ngazi akalivuta mwenyewe kwa nguvu. Halikusogea hata kidogo.

Siku hizi nguo zinaanikwa kwenye kamba ya nailoni, kati ya miti miwili, mbali na nyumba. Umeme upo. Cherehani inanguruma. Mtaani, kila boksi lililokuwa limelegea limekwisha kukazwa na watu wa umeme, kwa sababu fundi amepita mlango kwa mlango akisema yaliyompata.

Kila asubuhi, kabla ya kuketi, anatunga uzi kwenye sindano kadhaa na kuzichomeka kwenye kitambaa kando ya kigoda. Mama yake anazitumia kwa mkono wa kushoto. Vifungo vinakwenda upande.

"Kimekaa?" mama anauliza.

"Kimekaa, mama."

Anajua anadanganya tena. Lakini vifungo hivyo hathubutu kuvifumua na kuvishona upya. Mteja akilalamika, anamwonyesha lile koti dogo la bluu, limetundikwa ndani karibu na dirisha. Vifungo vyake vimenyooka kama askari wa gwaride. Ndivyo vya mwisho vya mkono wa kulia vilivyobaki nyumbani.