Vifungo vya Shati

Siku Machozi alipofariki, mumewe aliumalizia mchana jikoni, akiyeyusha barafu ya friji.

Haja haikuwepo. Friji ilikuwa nzima, na yeye, fundi wa friji, alilijua hilo. Lakini alitoka hospitalini, akapita katikati ya watu waliojaa sebuleni, akachomoa waya ukutani, akapiga magoti na kuanza kubandua barafu kwa mwiko. Shangazi wa marehemu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanamume gani huyu? Mke hata hajazikwa, yeye anapangusa friji! Hata chozi la kusingizia hana?"

Maneno yalimpita Fundi kama yanamhusu jirani. "Shangazi, nisogezee hilo beseni," alisema.

Na mtu huyu machozi aliyajua kuliko wengi. Mkewe alikuwa mwigizaji wa filamu, tena wa kulia. Hata wauza nyanya walimwita Machozi. Fundi hakuwahi kukosa filamu yake hata moja. Walikutana Jumamosi moja kwenye duka la vyombo vya umeme, watu wamebanana kama njugu kwenye ganda. Machozi alikuja kununua friji, kavaa gauni la manjano na miwani myeusi ambayo haikumficha kwa yeyote. Watu walipanga foleni wapige naye picha. Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji moja, bisibisi mkononi.

"Na wewe hutaki picha?" Machozi alimuuliza.

"Mimi nina swali. Ulipolia pale kituo cha treni, kile si kilikuwa kitunguu?"

Watu wakaguna. Machozi akavua miwani.

"Nani kakwambia?"

"Jicho la kushoto lilitangulia. Ukilia kweli, huanza la kulia."

Alicheka mpaka akaiegemea friji. "Haya, Shabiki, mchunguza macho ya watu! Niambie basi, ninunue ipi?"

"Yoyote, ila hiyo uliyoegemea. Hiyo naitengeneza."

Friji aliyonunua ilikuwa mpya kabisa, lakini wiki ile ile simu zikaanza.

"Shabiki, inanguruma."

"Friji zote hunguruma, dada."

"Hii inanguruma jina lako."

"Basi hiyo ni mbovu. Nakuja."

Mwaka haukuisha, wakaoana.

Filamu yake ya mwisho ilikuwa ya mjane. Jioni moja alirudi nyumbani uso unang'aa, akamwonyesha Fundi kipande kwenye simu. Mjane amekaa kitandani, mashati ya marehemu mapajani, anashona vifungo vilivyokatika, huku akibishana na jirani juu ya rangi ya uzi.

"Unaonaje?"

"Unalia saa ngapi?"

"Silii."

"Filamu nzima? Mume kafa, wewe unashona vifungo? Hapa umeboronga, mke wangu. Mashabiki watadai nauli zao."

Alitegemea acheke. Hakucheka.

"Wewe hujawahi kufiwa," Machozi alisema taratibu. "Miaka yote nimelia kwa sababu watu wanataka nilie. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kweli, na shabiki wangu mwenyewe ananidai nauli."

Akachukua mkoba, akaenda kulala kwa mama yake. Alfajiri simu ya Fundi ikalia.

"Bado umenuna?"

"Aliyenuna si wewe?"

"Mimi nilifuata chakula tu. Kwako hakuna mpishi. Utakuja kuitazama?"

"Nitakuja. Shabiki hagomi."

"Ukishaitazama yote, uniambie kweli. Si ya kunifurahisha."

"Kweli tupu, mpenzi."

Asubuhi hiyo hiyo, Machozi akiwa kwenye kiti anapakwa poda, mshipa ulimpasuka kichwani.

Sasa Shangazi alikwenda kumwita mama mkwe aje ajionee mwenyewe. Mama alifika mlangoni, akaangalia maji yaliyotapakaa sakafuni.

"Mwacheni," alisema.

Akakunja gauni lake, akapiga magoti, akachukua kitambaa. "Baba yake alipotutoka, mimi niliosha madirisha. Yote, ndani na nje. Yeye alikuwa mdogo, akanishikia ndoo. Walinisema hivi hivi."

Mwiko ulisimama mkononi mwa Fundi. "Kwa hiyo vile vifungo..."

"Vifungo gani, mwanangu?"

"Tutakwenda kuviona, Mama."

Filamu ilipotoka walikwenda wote wawili. Ukumbi ulijaa, watu wamekuja na leso zao tayari. Ilipofika ile sehemu ya mashati, msichana wa kiti cha mbele akamgeukia mwenzake.

"Mbona halii? Huyu ndiye Machozi, au wametubadilishia?"

Wakacheka. Fundi akainama mbele. "Ndivyo ilivyo, dada."

"Wewe umejuaje?"

"Nimefiwa."

Msichana akageukia mbele. Kwenye skrini, Machozi alikata uzi kwa meno, akaunyoosha mkono wa shati, akachukua shati jingine. Mama akamgusa Fundi kiwiko.

"Ndoo," alinong'ona. "Ona, kaweka na ndoo."

Kweli ilikuwepo, pembeni ya dirisha, kitambaa kimening'inia ukingoni. Kwenye simu haikuonekana.

Walipotoka, Fundi alisimama mbele ya bango pale mlangoni. Machozi alikuwa amevaa nyeusi, shati jeupe mkononi.

"Umepatia," Fundi alimwambia. "Nilikosea mimi."

Bango lilikuwa bango. Mama alimngojea barabarani.

Siku hizi kuna bango jingine pale, la filamu ya watu wanaokimbizana kwa magari. Fundi bado hajalia. Jumapili Mama huja, hupika, wanakula, na chakula kinachobaki wanakiweka kwenye friji.