Gari Lililonyamazishwa

Jumamosi ile asubuhi ua wetu ulikuwa umetulia. Wifi yangu alikuwa barazani na cherehani yake, watoto wanapiga mswaki bombani, na mume wake, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, anasugua gari kwa kitambaa hadi ungeweza kujitazama ukachana nywele. Jamani, lile gari liling'aa! Usingedhani ni gonjwa.

Sasa nisikilizeni, na anayetaka kununa anune. Jamaa zangu wameniambia mambo ya ndugu yangu niyafunike. Siyafuniki. Kufunika huko ndiko nusura kutuzikie watoto.

Mtaani wanamwita Inatembea. Ukimwambia gari lake linavuta kushoto, anajibu, "Si inatembea?" Ukimwambia taa moja haiwaki, jibu ni hilohilo. Kwa muda mrefu gurudumu la mbele lilikuwa likigonga kwenye kila shimo: ngo, ngo, ngo. Watoto walishazoea, wakaifanya kelele ile ngoma yao, wakawa wanachezesha mabega humo garini. Fundi wa gereji alimwambia waziwazi kwamba boljointi imekwisha. Hicho ni kifundo cha chuma kinacholishika gurudumu la mbele ili liweze kukata kona bila kuchomoka. Inatembea akaondoka akicheka. Mafundi, alisema, hawakosi kukutafutia ugonjwa.

Akaligeuza gari mgonjwa wake mwenyewe. Alikata vipande vya tyubu ya baiskeli, akakizongomeza kile kifundo, akashindilia grisi. Kelele ikakoma. Akatuita wote tuje kusikiliza.

"Mnasikia chochote? Limepona!"

Majirani wakampigia makofi. Wifi hakupiga. Aliinama akapitisha mkono nyuma ya tairi, akakuta upande wa ndani umelika hadi nyuzi zinaonekana.

"Mume wangu, limenyamaza tu. Ugonjwa upo palepale."

"Wewe shona nguo zako," akamjibu.

Wifi alishona, lakini kila akipeleka nguo za wateja alipitia gereji. Alimsumbua yule fundi kwa maswali hadi akaruhusiwa kushika spana na kufungua mwenyewe. Akanunua boljointi mbili mpya, akazificha kwenye mfuko wa vitambaa. Jumamosi hiyo tunayoizungumzia, familia ilikuwa iondoke kwenda kwa bibi yao watoto, kule chini ya mlima wenye kona kali. Ndugu yangu alipotoka kwenda kunyoa, wifi akaiacha cherehani na kuvaa ovaroli ya mumewe.

"Wifi, njoo unishikie hapa."

Tukalegeza nati, tukainua gari kwa jeki, tukaweka stendi chini yake, maana jeki peke yake si ya kuaminika. Gurudumu likatoka. Akachukua mkasi wake wa kushonea, akaikata ile tyubu. Alipoingiza mtaimbo na kusukuma, kifundo kikacheza kama jino bovu. Hata mimi nilikitikisa kwa mkono wangu.

Hapo ndipo mwenye gari alipoingia, kichwa kinang'aa.

"Nani kawaruhusu?"

"Kichwa umekinyoa vizuri," nikamwambia. "Sasa kitumie."

"Dada, unasimama na mke wangu dhidi ya damu yako?"

"Nasimama na watoto. Na wao ni damu ya nani, ya jirani?"

Hakusikia. Alirudisha gurudumu, akakaza nati kwa hasira, akalishusha gari na kuwaamuru watoto wapande. Kitindamimba akakimbilia kiti cha mbele kama kawaida yake. Wifi akaushika mlango.

"Wanangu hawapandi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze leo hii mbele ya dada yako. Lakini hawapandi."

Mimi nikambeba mdogo juu juu, anapiga mateke, na dada yake nikamshika mkono. Wala sikuomba ruhusa ya mtu.

"Haya!" akafoka Inatembea. "Naushuka huo mlima na kuupanda peke yangu, mkome wote!"

Hata barabarani hakufika. Pale getini kuna kivuko cha mtaro, lazima ukate usukani hadi mwisho. Alikata. Tukasikia kraa! Gurudumu likalala ubavu, pua ya gari ikaanguka chini, bodi upande ule ikakunjika. Na alikuwa akienda taratibu tu! Jiulizeni ingekuwaje kwenye kona za mlimani.

Alishuka akalitazama gurudumu. Kisha akakitazama kiti cha mbele, kilichokuwa kitupu. Akakaa vumbini na kichwa chake kilichonyolewa.

Watu wakajaa. Mmoja akapayuka, "Mwiteni fundi!"

"Fundi ni mimi," wifi akasema. "Anayetaka kusaidia ashike jeki. Anayetaka kucheka njia ni ile, apite."

Wa kwanza kushika jeki alikuwa mumewe. Wifi akafungua, akagonga kwa nyundo, akatoa kilichobaki, akaweka kifundo kipya, akakaza nati na kuitia pini ili isijifungue. Kisha akahamia upande wa pili. Mtu akamuuliza kwa nini auguse, mbona huo haukuvunjika. "Nisubiri uvunjike?" akajibu, akaendelea. Alipomaliza aliliendesha mwenyewe polepole hadi gereji, likaguliwe na magurudumu yanyooshwe. Mumewe alikaa pembeni yake.

Waliporudi, kitindamimba alikuwa amekiokota kifundo cha upande wa pili, kile ambacho hakijavunjika. Akakitikisa: ngo, ngo, ngo. Akaanza kuchezesha mabega.

"Baba, sikia! Ngoma yetu!"

Ndugu yangu alimvuta mwanawe kifuani akalia, mbele ya watu wazima na watoto. Sikumwonea aibu hata kidogo.

FUNZO

Ndugu wasomaji, ubovu ukinyamazishwa haujapona. Chombo kinachobeba watu kikilalamika, tafuta kinachouma, na ukitengeneza upande mmoja kagua na wa pili. Mkeo akikwambia kuna hatari, usimrudishe kwenye cherehani yake. Mwulize ameona nini. Na wewe dada, shangazi, wifi, usimfunikie ndugu yako makosa eti kwa sababu ni damu yako, ilhali damu nyingine iko kiti cha mbele. Wakikuita msaliti, itika. Mimi wananiita hivyo mpaka leo, na kila jioni wale watoto hunipita mbio uani, wazima, wakinipigia kelele.