Moshi wa Paina

Kila alfajiri, nyumbani kwao Mazingara, Nasha aliosha vibuyu vya maziwa. Kisha aliingiza ndani kijinga cha mzeituni pori na kukitikisa, mpaka kibuyu kikanukia vizuri. Hivyo maziwa hayakuharibika upesi.

Jumamosi moja kuni za mzeituni zilikuwa zimekwisha, na kilimani zinakokatwa ni mbali. Nyuma ya nyumba mpya, fundi Matayo wa Korogwe alikuwa akipiga kenchi za paa, na vipande vya mbao za paina vimezagaa. Nasha aliokota kimoja. Kilishika moto mara moja.

Bibi Nemayian, aliyekuwa ametoka kuugua, alipelekewa maziwa. Alionja, akatema.

"Haya yananuka dawa ya choo cha zahanati! Mnataka nirudi huko?"

Mama Naserian, mama yake Nasha, alimgeukia Kaika, mke mpya wa kaka yake Nasha, ambaye ndiye aliyekamua.

"Kaika, kibuyu ulikitia nini? Basi, usikamue tena ng'ombe wa bibi."

Kaika aliinamisha kichwa. Kwa mke mgeni hiyo ilikuwa aibu kubwa, na machozi yalimlengalenga. Nasha alimtazama, akashindwa kunyamaza.

"Mama, si wifi. Ni mimi. Nilifukiza kwa mbao za fundi."

Matayo, aliyesikia yote kutoka juu ya paa, alicheka, akashuka ngazi na ubao mkononi.

"Kumbe ni paina! Gusa hapa."

Nasha aligusa. Vidole vilinata.

"Huo ni utomvu. Ndio unaowaka na kunuka. Mti wenyewe unapenda baridi ya Lushoto, unakua wima, majani kama sindano. Mbao zake nyepesi, msumari unaingia bila ugomvi. Kwa kenchi na dari, safi. Ukiuchimbia ardhini bila dawa, mchwa wanasherehekea."

"Kwa hiyo ni mti mbaya?"

"Mbaya, na utalala chini ya paa lake?"

Mama Naserian alimrudishia Kaika kibuyu mbele ya wote. "Nisamehe, mwanangu. Nilihukumu kabla ya kuuliza."

Kisha akamwambia Nasha, "Mti haukukosa. Wewe ulikwepa safari, mzigo ukamwangukia mwenzako. Umefanya vyema kuutua. Sasa nenda kilimani."

"Twende wote, wifi," Kaika alisema, akichukua panga.

"Kazeni mwendo," Bibi alidakia. "Mimi bado nina njaa."