Aliyesimama Mbele ya Swichi

Harufu ilianza mchana, saa ya chakula, watu wamekaa nje wakitafuna mihogo yao. Ilikuwa harufu ya nywele zinazoungua, na ilitoka chumba cha swichi, ambako hakukuwa na mtu. Waliochungulia hawakuona moto wowote. Kila mmoja alijua ni nani aliyeungulia mle.

Ernesti Mdoe alikuwa fundi umeme wa kiwanda hicho cha mkonge, nje kidogo ya Korogwe, tangu kikiwa mali ya serikali. Kilipouzwa, mwenye mali mpya alipunguza watu, akabaki Mdoe peke yake kufanya kazi ya watu wengi. Siku moja alikuwa anakaza nati ndani ya kabati la swichi huku umeme unapita, maana meneja hakutaka korona isimame. Mashine hiyo ya kusaga majani ikisimama, mkonge uliokatwa unaharibika. Umeme ukaruka hewani, chuma hadi chuma. Mdoe hakuugusa hata kidogo. Mlipuko wenyewe ulimchoma akiwa amesimama, na jua la siku hiyo hakuliona likizama. Nafasi yake akapewa mwanawe, Hiza, na rambirambi ya kampuni ikawa ndiyo hiyo.

Hiza alipoingia chumba cha swichi kuanza kazi, kitu kilimsukuma kifuani hata akaangukia mlangoni.

"Mama, mle ndani kuna mtu," alimnong'oneza Elina, mama yake, walipokuwa jikoni.

"Umemwona?"

"Sijamwona. Kanisukuma. Mkono wa moto, Mama, hapa."

Alifungua shati. Ngozi ilikuwa imeiva. Elina alimpaka mafuta ya nazi taratibu, akirudia palepale, kwa kuwa alikuwa amemzika mume juzijuzi tu na huyu ndiye mtoto pekee aliyebaki naye.

Baada ya msiba ule alikuja mkaguzi wa usalama kazini, Kibwana, mtu mpole mwenye miwani. Habari za harufu hakuna aliyemwambia. Nani atamweleza afisa mambo ya majini? Aliamuru umeme ukatwe kuanzia transfoma, akafungua kabati, akapangusa vumbi la nyuzi za mkonge, akatazama fyuzi zilizochoka. Halafu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akapiga hesabu zake, akapima kwa futi, akapaka mstari mwekundu sakafuni.

"Umeme ukiwa unawaka, asiyevuka hapa atapona," alimwambia Hiza. "Akivuka, moto utamfikia hata asipogusa kitu. Ukitaka kulifungua kabati, zima kwenye transfoma. Korona isimame. Umenielewa, kijana?"

Hiza alielewa, ila aliutazama mstari tena. Mstari ulipita palepale aliposukumiwa. Jioni alimweleza mama yake, na kwa mara ya kwanza alithubutu kusema, "Labda ni Baba."

"Usilitaje jina lake," Elina alimkatiza. "Majini huvaa harufu za watu wetu ili tuyafungulie mlango. Baba yako angekuunguza?"

Meneja naye alipenda zaidi habari ya jini. Maneno ya mkaguzi yalitaka mashine isimame na fyuzi mpya zinunuliwe; jini lilitaka mganga tu. Bwana mkubwa huyo, aliyezoea kuwacheka wafanyakazi kwa hirizi zao, siku hiyo alitoa gari lake mwenyewe likamchukue Bi Tatu kule Kang'ata.

Kwa wakati huo hofu ilikuwa imeenea kambi nzima, maana harufu sasa iliwafuata wanawake hadi kwenye kamba za kuanikia nyuzi, ikawaingia kwenye kanga na kwenye ugali, na waliopita karibu na chumba kile walisikia mtu akipumua kwa shida, pumzi ya kuvuta na kukwama, kuvuta na kukwama, kama alivyopumua Mdoe alipobebwa kwenye kitanda cha kamba kupelekwa hospitali, mpaka wakawa wanazunguka kiwanda kizima wasikipite chumba kile.

Bi Tatu alijifungia katika chumba cha swichi na Elina, mjane wa Mdoe, akamfunika shuka jeupe ili jini limpande kichwani na kusema kwa kinywa chake, akafukiza ubani. Ngoma zilipigwa nje kwa nguvu, hata waliokuwa mlangoni hawakusikia lililosemwa. Elina alipofunuliwa hakukumbuka kitu. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, akadhani ni moshi.

Chumba kilinyamaza. Harufu ikatoweka. Watu walimpongeza Elina, naye usiku huo alilala usingizi wa kwanza tangu matanga.

Haukupita muda mrefu kabati likaanza kunguruma. Meneja akamwita Hiza akaze nati, korona ikiendelea kusaga. Hiza aliutazama mstari mwekundu, akasita. Akaweka mguu upande wa pili, akasubiri. Hakuna kilichomsukuma. Akavuka.

Ule mwanga uliwafikia hata wanawake waliokuwa kwenye kamba.

Matanga ya Hiza yalipoisha, Elina alipanda basi hadi Handeni, na kutoka hapo akatafuta usafiri mpaka Kang'ata. Alimkuta Bi Tatu anapepeta mahindi uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Pole sana."

"Nimekuja umrudishe."

"Nani?"

"Yule tuliyemtoa."

Bi Tatu aliweka ungo chini. "Aliyetolewa haitiki tena, Mama Hiza. Ningeweza, ningefanya."

"Basi niambie alisema nini siku ile. Alitumia kinywa changu, na mimi sijui."

Bibi hakutaka. Elina alimshika mikono, akamsihi, mpaka akakubali.

"Alilia," Bi Tatu alisema taratibu. "Alisema, niacheni hapa, mwanangu hajui moto huu. Alinisihi sana, hata mimi nikaona haya. Lakini sisi hatumtoi mgeni bila idhini ya mwenye kichwa alichokipanda. Nikakuita kwa jina lako, nikakuuliza kama abaki au atoke. Ukaitika kwa sauti yako mwenyewe."

"Nilisemaje?"

"Ulisema, atoke, aniachie mwanangu."

Elina aliketi chini palepale kwenye makapi ya mahindi. Aliletewa uji, hakunywa. Gari la kurudi lilipiga honi barabarani, likapiga tena, likaondoka, naye hakuinua kichwa.