Pikapu Iliyotaka Kupita Chini ya Ardhi

Kuhusu magari, hakuna wa kunifundisha mimi. Nayajua yote, ndani na nje. Haya, tuseme nje: hili jekundu, lile jeupe, na lile pale limeharibika. Kwa hiyo hesabu za pikapu hii namwachia msichana wa darasa la sita ambaye wenzake walimwita Kikokotoo.

Kila alipotoka shule, Kikokotoo alivua sare, akala, akaenda kumsaidia mama yake kwenye duka la magodoro. Pikapu kuukuu iliyowapelekea wateja magodoro hayo ndiyo iliyolipa karo, kodi na kila kilichoingia chunguni. Dereva alikuwa mjomba, mdogo wake mama, mtu wa maneno matamu na shati lililopigwa pasi mpaka likaogopesha.

Mjomba alitamani pikapu iliyoshushwa, ile inayokwenda chini chini kama paka anayenyemelea. Alimwimbia dada yake wimbo huo asubuhi na jioni: itapendeza, watu watageuka shingo, na magodoro yatapakiwa bila mtu kuumia mgongo. Hapo kwenye mgongo ndipo mama alipolainika. Akakubali, lakini bajeti aipange Kikokotoo, na pikapu irudi ikiwa nzima, maana hawakuwa na nyingine.

Jumamosi mjomba na Kikokotoo wakaenda gereji. Fundi, mwanamume mpole mwenye ovaroli iliyokwisha kusahau rangi yake, akawaeleza namna ya kushusha gari. Angeweza kukata vyuma vya springi, lishuke sentimita tisa. Au angepachika vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, lishuke nane. Au wanunue magurudumu madogo, lishuke tano. Kila alipotaja jambo, mjomba aliitikia kwa kichwa akasema, "Na hilo weka."

Fundi alimtazama mara mbili, akamuuliza kama ana hakika. Mjomba akamwambia asimfundishe kazi. Yeye zamani alikuwa na pikapu yake, na aliishusha kwa mikono yake mwenyewe.

Kikokotoo aliandika huku kichwa kikimzunguka. Ekseli ni kitu gani? Kwa nini kushusha mara tatu? Alitaka kuuliza, akajizuia. Mjomba anajua, fundi anajua, yeye nani ajiaibishe? Akajumlisha gharama hizo na zile za rangi, taa na breki mpya zilizokuwa kwenye bajeti, fedha hazikutosha. Mjomba akasema rangi ifutwe, taa zifutwe, na breki nazo zingesubiri. Mtoto akazidi kuchanganyikiwa, lakini akafuta.

Fundi akaingia chini ya gari na mashine yake ya kukatia chuma. Kwa kukosa la kufanya, Kikokotoo akaazima futi ya kupimia, akapima kutoka ardhini hadi chuma cha chini kabisa cha bodi. Sentimita ishirini na moja. Akajumlisha zile za kushusha: ishirini na mbili. Akajumlisha tena kuanzia mwisho, labda nambari zilikuwa zimechoka. Ishirini na mbili.

Sasa gari lingepita wapi? Labda magari yaliyoshushwa huchimbiwa mfereji wao. Labda ndivyo watu wazima wanavyojua, na ni yeye tu asiyejua.

Mashine ikaanza kulia. Kikokotoo akaiona sura ya mama yake, amesimama dukani na rundo la magodoro, hana cha kuyabebea. Akainama, akamgusa fundi mguu.

"Samahani, Fundi. Mimi sielewi. Nikijumlisha, gari letu linaingia ardhini sentimita moja."

Mashine ikanyamaza. Fundi akatoka, akapima mwenyewe, akaketi juu ya tairi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa chenye grisi. Akawaeleza kwamba zile zilikuwa njia tatu za kuchagua moja. Kwa mzigo mwepesi kama magodoro, vile vipande vya chuma vingetosha, na mama asipopenda vitaondolewa. Kikokotoo akapiga hesabu upya. Fedha zikatosha, breki zikarudi.

"Hata mimi nilishangaa," fundi akasema, "ila niliona haya kumbishia mteja mwenye ujuzi. Wewe umetuzidi, binti. Usipoelewa, sema palepale, chuma kikiwa bado kizima. Kikishakatwa, hata nikibembeleze vipi hakiungani kikawa kama zamani."

Mjomba akakohoa. Akasema yeye alijua tangu mwanzo, alikuwa akimpima tu mtoto.

"Sawa, kaka," fundi akasema, akampa tochi. "Ingia basi utuonyeshe springi, wewe uliyeshusha yako mwenyewe."

Mjomba akatambaa chini ya gari na shati lake. Tochi ikatembea huku na kule.

"Hii hapa," ikaja sauti. "Springi si hii?"

Kikokotoo na fundi wakainama kutazama. Mjomba alikuwa amelikumbatia bomba la moshi.