Ombi la Namalwa

Kila asubuhi Namalwa alichota maji kwenye tangi la ploti walimopanga huku mama yake, Valerie, akikoroga uji. Kabla ya mtoto kuvaa viatu vya shule, walishikana mikono na kuomba sala fupi ya siku hiyo moja tu: Bwana, leo mama asiguse pombe. Ilikuwa sasa siku ya thelathini na nne tangu mama atoke katika kituo cha kuwasaidia walevi huko Isinya. Alipokuwa huko, majirani wao wa Kitengela waliambiwa kwamba alikuwa Bungoma akimuuguza nyanya.

Kanisa lao lilikuwa na desturi. Mwenye haja aliiandika kwenye karatasi, akaitia kikapuni, na wazee wakaiombea faraghani bila kumtaja mtu. Jumapili hiyo Namalwa aliandika, "Mungu, mama yangu asirudie pombe." Kisha, kama alivyozoeshwa kwa kila karatasi ya mtihani, akaandika jina lake lote juu pembeni.

Siku hiyo Mzee Mureithi, aliyeongoza ibada, alichomoa karatasi tatu ili kanisa zima liombe pamoja. Ya pili ilikuwa ya Namalwa. Aliisoma kwa sauti, jina na yote, kisha kwa moyo mweupe akawaomba waumini wamnyooshee mama huyo mikono. Mikono kwa makumi ikaelekezwa kwenye benchi la nne, walipoketi. Mama aliinama akatazama sakafu. Wengine walianza kunong'onezana hata kabla ya amina.

Njia nzima mama alitembea mbele yake. Walipofika mlangoni ndipo akasema.

"Angekuwa jirani, ningevumilia. Lakini wewe, Namalwa? Nimeweka siri kifuani mwako, ukaipeleka sokoni."

"Nilimwandikia Mungu, Mama."

"Mungu alikuwa anajua tayari."

Kikapu alichokiamini Namalwa kilikuwa kimemsaliti, na sasa mama alimtazama yeye kama msaliti. Jumatatu shuleni Yvonne, rafiki yake wa dawati moja, alimuuliza kama nyanya wa Bungoma amepona, ama naye alikuwa analewa. Waliokaa nyuma wakacheka. Namalwa alikula chakula cha mchana peke yake.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama ameketi, mapazia yamefungwa. Mezani palikuwa na chupa iliyoviringishwa gazeti. Ililetwa na Mukai, jirani aliyekuwa akinywa naye zamani. Alimwambia mama kwamba kanisa limeshamhukumu, sasa anajinyima kwa ajili ya nani? Chupa ilikuwa haijafunguliwa, lakini mkono wa mama ulikuwa juu yake.

Namalwa aligeuka ili akimbie kwa Mama Nzembi. Huyo alikuwa ameacha pombe miaka sita iliyopita, na kila Jumanne aliwakusanya nyumbani kwake akina mama wanaojaribu kuiacha. Lakini Namalwa alipofika kizingitini alisimama. Kwenda kusema kungekuwa kumtangaza mama mara ya pili. Akarudi, akapiga magoti kando ya kiti.

"Mama, nilikosea. Siri ilikuwa yako. Sasa naomba ruhusa. Nimwite Mama Nzembi?"

Nje mtu alikuwa akifua nguo, maji yakimwagika, yakinyamaza, yakimwagika tena. Hatimaye mama aliuondoa mkono kwenye chupa, akamsukumia simu.

"Mwite. Mwambie aje sasa hivi."

Nzembi alifika mikono bado ina unga wa chapati. Hakuuliza nani alisema nini. Alimshika mama, wakalia wote wawili. Kisha akamsimulia kwamba siri yake yeye ilitangazwa na mumewe matangani, tena kwa kipaza sauti, na mama akacheka bila kutaka. Halafu mama akaibeba chupa mwenyewe, akaenda kuimwaga chooni.

Kwa idhini ya mama, Nzembi alimpigia simu Mzee Mureithi. Alikuja jioni hiyo, akaomba msamaha, akaahidi kwamba karatasi ya mtu haitasomwa hadharani tena. Mama alimjibu kwamba amemsikia, ila moyo wake ungehitaji siku kadhaa.

Alipokuwa akiaga, Nzembi alimgeukia Namalwa.

"Mwanangu, anayeacha pombe ni kama aliyevunjika mguu na sasa anajifunza kutembea. Ukimnyooshea kidole, ataanguka. Ukimbeba, hatatembea. Wewe tembea kando yake, umwombee, umtie moyo. Habari ya mguu wake, mwache aisimulie mwenyewe."

Namalwa aliitikia kwa kichwa. Mama alifungua mapazia, akakaa karibu naye kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Kesho ni Jumanne," alisema. "Ukitoka shule utanisindikiza kwa Mama Nzembi. Ya kusema, nitasema mwenyewe."